Fimbo Rahisi ya Kunyunyizia Dawa ya Kusafishia Mapaa

Nyumba nyingi za zamani za mwambao wa Afrika ya Mashariki, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam, zimeezekwa kwa vigae vyekundu vya udongo. Aina moja ya vigae hivyo hujulikana hadi leo kwa jina la Mangalore, mji wa magharibi ya Uhindi ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kuvitengeneza kiwandani katika miaka ya 1860. Kigae kipya kina rangi ya kupendeza. Lakini baada ya masika kadhaa huanza kuonekana michirizi myeusi iteremkayo kutoka kwenye kilele cha paa, kisha mabaka ya kijivu na ya kijani, na hatimaye wekundu hutoweka kabisa. Wengi hudhani kuwa ni moshi au vumbi. Kumbe paa limeota.

Weusi huo, kwa sehemu kubwa, ni mkusanyiko wa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu, waitwao sianobakteria. Viumbe hawa hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama ifanyavyo mimea, na rangi nyeusi ni mwavuli wao: ni gamba linalowakinga na mionzi mikali ya jua. Huko Marekani ya kusini, ambako joto na unyevu ni vingi kama katika mwambao wetu, aina iitwayo Gloeocapsa magma ndiyo inayochafua mapaa mengi. Mabaka ya kijivu yaliyoshikamana na kigae kama magamba ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kwa kusaidiana. Kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani ya vitundu vya kigae, nayo mwani hutengeneza chakula cha wote wawili. Ndiyo sababu likeni haibanduki kwa kufagiwa.

Mwenye nyumba aonapo hali hiyo, wazo la kwanza ni kutumia nguvu. Huagiza brashi ya waya, au siku hizi hukodi mashine ya kuoshea magari. Wazo hilo ni baya, na hesabu ndogo yatosha kuonyesha ubaya wake. Maji yatokapo katika tundu dogo, mwendo wake hutegemea kanieneo iliyoyasukuma, kwa kanuni hii: kanieneo ni sawa na nusu ya densiti ya maji ikizidishwa kwa mraba wa mwendo. Mashine yenye kanieneo ya angahewa 150 huyarusha maji kwa mwendo wa zaidi ya meta 170 kwa sekunde, ambao ni nusu ya mwendo wa sauti hewani. Maji ya namna hiyo hung'oa ngozi ngumu ya kigae iliyopatikana tanurini, na kuacha uso wenye vitundu vingi zaidi ambamo likeni mpya zitajishikiza kwa raha. Tena huingia chini ya maungio ya vigae, mahali ambapo mvua haiwezi kufika kwa kuwa mvua haipandi mlima. Paa hutakata siku hiyo na kuvuja masika yajayo.

Njia iliyo bora huyaachia madawa na muda kazi ambayo watu wamezoea kuifanya kwa nguvu. Chama cha watengenezaji wa mapaa ya lami nchini Marekani hushauri mchanganyiko wa dawa ya kufanyia nguo weupe na maji kwa kiasi sawa, unaoachwa juu ya paa kwa dakika 15 hadi 20 na kisha kusuuzwa kwa maji yasiyo na nguvu. Dawa hiyo ni hipokloraiti ya sodiamu. Ichanganyikapo na maji, sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya hipoklorasi, HOCl. Molekuli hii haina chaji ya umeme, kwa hiyo huupenya utando wa seli kwa urahisi, na ikiwa ndani huoksidisha protini na vitu vingine ambavyo seli haiwezi kuishi bila hivyo. Rangi nayo huharibiwa, ndiyo maana weusi hufifia mbele ya macho ya mtazamaji.

Basi kinachotakiwa ni chombo cha kuifikisha dawa juu ya paa kwa wingi na kwa upole, huku mtu amesimama chini. Pampu ya mgongoni inayotumiwa na wakulima hutoa kanieneo ya angahewa 2 hivi, nayo yatosha. Kwa kanuni iliyotajwa, maji hutoka kwa mwendo wa meta 20 kwa sekunde, ambayo pasipo upinzani wa hewa yangeweza kupaa meta 20. Hewa hupunguza kimo hicho sana, lakini paa la nyumba ya kawaida halihitaji hata robo yake. Kasoro ya pampu hiyo iko katika mdomo wake, uliotengenezwa ili kutoa ukungu wa matone madogo mno. Tone dogo lina uso mpana kulingana na uzito wake, hivyo hewa hulisimamisha upesi na upepo hulichukua. Mkulima anyunyizaye mahindi yaliyo mbele ya magoti yake haathiriki sana. Asafishaye paa, matone hayo humrudia usoni.

Fimbo yenyewe hutengenezwa kwa bomba la maji la plastiki la nusu inchi, lenye urefu wa meta 3. Ni lazima liwe bomba la maji. Bomba la kupitishia nyaya za umeme hufanana nalo na bei yake ni ndogo zaidi, lakini ukuta wake ni mwembamba nalo halikutengenezwa kuhimili kanieneo. Bomba refu namna hiyo hupinda kama ufito wa kuvulia samaki, hasa likijaa maji, kwa maana ndani yake huingia zaidi ya nusu lita. Kwa hiyo hufungwa pamoja na mwanzi mkavu, kila baada ya nusu meta, kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mwanzi huongeza uzito kidogo tu, nao huondoa mtikisiko wote.

Kwenye ncha ya chini hugundishwa koki ya plastiki, na baada ya koki kiungo cha kuchomekea mpira wa pampu. Kabla ya kupaka gundi, sehemu zitakazokutana hukwaruzwa kidogo kwa msasa na kufutwa vumbi, kisha huachwa zikauke usiku kucha. Gundi hii huyeyusha uso wa plastiki zote mbili na kuzifanya kitu kimoja, hivyo anayekosea kipimo hukata upya, hakuna kubandua. Mpira hukazwa kwa kibano kisichoshika kutu.

Ncha ya juu huzibwa kwa kifuniko cha plastiki, na hapa ndipo ufundi ulipo. Yafaa kutengeneza vifuniko viwili vinavyoweza kubadilishwa, kila kimoja kikiwa na kiungo cha parafujo. Cha kwanza hutobolewa katikati tundu moja la milimeta 2 kwa keekee. Hiki hutoa mchirizi mmoja unaofika mbali, hadi kwenye kilele cha paa. Cha pili hukatwa ufa mmoja kwa msumeno wa chuma, wenye urefu wa milimeta 7 hivi, ukipita katikati. Kifuniko chenye mgongo wa mviringo ni bora kwa kazi hii, kwa sababu maji yajayo kutoka pande mbili hukutana kwenye ufa na kujikandamiza kuwa utando mpana mfano wa upepeo. Mabaki ya plastiki yaliyo kando ya tundu au ufa hayana budi kuondolewa kwa wembe, la sivyo maji yatatoka kombo.

Kifaa cha mwisho ni kidogo na hakigharimu kitu. Kipande cha duara hukatwa kutoka katika soli ya kandambili iliyochakaa, hutobolewa katikati na kuvikwa kwenye fimbo juu kidogo ya mahali pa kushika. Dawa iteremkayo kando ya bomba hukomea hapo na kudondoka chini, badala ya kufuata mkono hadi kwapani.

Plastiki haikuchaguliwa kwa urahisi wa bei peke yake. Hipokloraiti hula metali nyingi. Chuma hushika kutu upesi. Katika shaba ya manjano huondoa zinki na kuiacha ikiwa dhaifu. Na alumini, inayolindwa kwa kawaida na utando wa oksidi, hupoteza ulinzi huo kwa sababu dawa ina alkali kali. Ndiyo sababu pampu iliyotumika husuuzwa kwa maji mengi mara baada ya kazi, pamoja na springi na vali zake. Pampu iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu isitumike kamwe: mabaki yake yatapelekwa juu ya paa ambalo maji yake huenda yakanywewa na watoto.

Fimbo ijaribiwe kwanza kwa maji matupu. Mwanafunzi mmoja aelekeze mchirizi ndani ya ndoo, mwingine ashike saa. Tundu la milimeta 2, kwa kanieneo ya angahewa 1, hutoa karibu lita 2 kwa dakika, pungufu ya hesabu ya kitabuni kwa sababu mchirizi husinyaa kidogo utokapo tunduni. Tofauti kati ya hesabu na ndoo ni somo zuri la fizikia kwa kidato cha tatu.

Kuhusu nguvu ya dawa, kinachotakiwa ni asilimia 2.5 hivi. Chupa za dukani huwa na nguvu mbalimbali, na maandishi yake hayana budi kusomwa. Ikiwa chupa ina asilimia 3.5, sehemu 3 za dawa huchanganywa na sehemu 1 ya maji. Penye klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea, yenye asilimia 65, gramu 385 zatosha kwa lita 10. Unga hutiwa ndani ya maji, si maji ndani ya unga, na usikaribiane na mafuta ya aina yoyote, kwani huweza kuwaka moto. Mchanganyiko huachwa utulie ili masimbi ya chokaa yasizibe tundu. Kijiko cha sabuni ya maji huisaidia dawa kutanda badala ya kuteremka mbio.

Dawa hii haisameheki inapochezewa. Ikikutana na asidi, kama vile siki au dawa za kusafishia vyoo, hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres mwaka 1915. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine za sumu. Mwenye kunyunyiza avae miwani iliyofunika macho pande zote, glavu za mpira na nguo asizozijali, naye asimame upande utokako upepo. Katika mwambao, asubuhi na mapema ndio wakati unaofaa, kabla upepo wa baharini haujaanza na kabla jua kali halijaikausha na kuivunjavunja dawa. Waya wa umeme uingiao nyumbani hupita mara nyingi karibu na ukingo wa paa. Bomba lililolowa dawa yenye chumvi si kinga hata kidogo, hivyo upande huo wa nyumba uachwe hadi umeme ukatwe na mafundi wake.

Mahali ambapo maji ya mvua hukingwa, mfereji uendao kwenye tangi hutenganishwa kabla ya tone la kwanza la dawa kurushwa, na haurudishwi mpaka paa limesuuzwa vizuri na mvua kubwa mbili au tatu zimepita. Mimea iliyo chini hulowanishwa kwa maji safi kabla na baada, kwa kuwa udongo ulioshiba maji hunywa dawa kidogo.

Yako mapaa yasiyohusika na njia hii. Bati lililopakwa zinki huharibiwa na dawa, na kwa kweli halina haja nayo. Paa la asbesto, ambalo bado limo katika shule na nyumba kadhaa za zamani, lisiguswe na wanafunzi kwa brashi, kwa mashine wala kwa fimbo. Nyuzi zake zikivutwa mapafuni husababisha saratani baada ya miaka mingi, na likeni iliyokwisha kulidhoofisha huenda ndiyo inayozishikilia. Kazi hiyo ni ya wataalamu.

Kwenye vigae, unyunyizaji huanzia chini kuelekea juu, ili dawa isiteremke juu ya sehemu kavu na kuacha michirizi. Weusi hutoweka katika dakika 20. Likeni ni kaidi zaidi: hugeuka nyeupe, ishara kwamba imekufa, lakini hubaki imeshikamana. Hapo mwenye nyumba hushawishika kuchukua brashi. Asifanye hivyo, nyuzi zilizokufa huoza, na mvua za majuma au miezi ifuatayo huzibandua bila kukwaruza kigae.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo moja zaidi pasipo dawa yoyote. Penye paa la vigae lililofunikwa kileleni kwa bati la zinki, mara nyingi chini ya bati hilo huonekana ukanda msafi katikati ya weusi. Mvua iteremkayo juu ya zinki huchukua ioni chache za metali hiyo, nazo hutosha kuwazuia sianobakteria wasiote. Ukanda wa bati wenye upana wa sentimeta 10, ukipachikwa chini ya kilele baada ya paa kusafishwa, huchelewesha kurudi kwa weusi kwa kadiri maji ya mvua yanavyoupitia. Sehemu ambazo maji hayo hayafiki zitaota tena kama awali.