Chembe za chuma katika picha ya MRI: je, tuziogope?

Hivi karibuni kijana mmoja alinijia wodini akiwa na wasiwasi. Mama yake, ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri, alikuwa ameandikiwa kwenda mjini kupigwa picha ya ini kwa mashine ya MRI. Jamaa yao aliyeko Marekani aliwaambia kwa simu kuwa ipo sindano ya chembe za chuma inayosaidia picha ionekane vizuri. "Sista," akaniuliza, "ile mashine si ni sumaku? Hicho chuma hakitavutwa kimpasue mama?"

Swali lake ni la busara. Tulijibu pamoja.

MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio. Lakini mara nyingine uvimbe hufanana na nyama nzima inayouzunguka. Akina mama wanaochambua mchele wanajua kuwa jiwe jeupe ndani ya mchele mweupe halionekani upesi. Hapo ndipo daktari huhitaji dawa ya kutofautisha.

Chembe hizi ni za oksidi ya chuma, yaani jamii moja na kutu. Ni ndogo mno. Ile ya dawa iitwayo ferumoksitoli ina upana wa nanomita 30 hivi, wakati milimita 1 ina nanomita 1,000,000. Kila chembe huvikwa ganda la jamii ya sukari au wanga. Bila ganda hilo zingeshikamana na kuwa mabonge ndani ya damu.

Dawa ya namna hii kwa ajili ya ini, ferumoksidi, ilikubaliwa Marekani mwaka 1996. Ikiingia kwenye damu, seli za ulinzi zilizomo katika ini huzimeza chembe, na ini lote huonekana jeusi pichani. Saratani nyingi za ini hazina seli hizo za kutosha, kwa hiyo hubaki nyeupe. Ni kama mchele wote umegeuka mweusi, jiwe likabaki jeupe! Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2008.

Mwaka 2009 Marekani ilikubali ferumoksitoli, inayouzwa kwa jina la Feraheme, kutibu upungufu wa chuma kwa wagonjwa wa figo. Madaktari wakaona inafaa pia kwa picha, hasa kwa wenye figo mbovu. Dawa iliyozoeleka zaidi, ya gadolini, huhitaji tahadhari kwao, kwani mwaka 2006 baadhi ya aina zake zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi.

Je, sumaku itavuta chuma hiki nje? Hapana. Chembe moja moja ni ndogo kiasi kwamba sumaku haiwezi kuing'oa mwilini. Baadaye mwili huzivunja, na chuma chake hutumika kutengeneza damu.

Hata hivyo si dawa ya mchezo. Mwaka 2015 Marekani ilitoa onyo kali, kwa kuwa wachache hupata mzio mkubwa unaoweza kuua. Kwa hiyo hutolewa kwa dripu ya polepole, na mgonjwa huangaliwa kwa dakika 30 au zaidi.

Ukiandikiwa MRI, waeleze wahudumu mambo haya kabla hujaingia:

1. Kama una ugonjwa wa figo.
2. Kama umewahi kupata mzio wa dawa yoyote.
3. Kama umewekewa dripu ya chuma katika miezi 3 iliyopita. Taja jina la dawa, kwani ferumoksitoli inaweza kubadili picha kwa muda huo.
4. Kama una chuma mwilini, mfano kifaa cha moyo au vyuma vya mfupa. Hivi si kama zile chembe. Sumaku inaweza kuvisogeza au kuviharibu.
5. Kama una mimba.

Usifiche jambo kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Mama yule alikwenda na vyeti vyake vyote vya figo. Walipovisoma, walianza kumpiga picha bila sindano yoyote, na picha ikatosha. Angevificha, huenda angechomwa dawa asiyoihitaji.