Fedha Imeingia, Asali Imeondoka

Asubuhi moja, kliniki ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa, alikuja mama mmoja wa usharika wetu akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na usiku hapati usingizi. Tulimpima presha, ikasoma 180 kwa 110. Mama huyu tunamfahamu miaka mingi, na hakuwa mgonjwa wa presha. Tulimpa huduma, tukamkalisha kwenye benchi la nyuma, tukasubiri. Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tumejifunza kwamba mgonjwa wa namna hii ukimwuliza kwa haraka atakujibu, "Ni uchovu tu, Sista." Ukimwacha akapumua, atalisema mwenyewe. Baada ya kama nusu saa akasema: "Sista, nimeibiwa. Na mzigo wa mwizi nimempelekea mimi mwenyewe mpaka stendi."

Ametupa ruhusa tuandike habari zake, bila jina, ili akina mama wengine wasome.

Mama huyu huuza asali. Shemeji zake hurina katika misitu ya miombo upande wa Sikonge, naye huichuja, huifunga vizuri, kisha huipiga picha na kuiweka kwenye simu, katika vikundi vya WhatsApp. Wateja wake wako Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Wengi hajawahi kuwaona kwa macho. Mtaji aliuanza kwa mkopo wa shilingi 400,000 kutoka kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kwa mwaka mzima alirejesha bila kuchelewa hata mara moja. Ada ya mtoto wa kidato cha kwanza ilitoka humo humo.

Siku ya Ijumaa mteja mpya wa Dar es Salaam aliagiza ndoo tatu za lita 20, kila moja shilingi 180,000. (Asiyewahi kubeba ndoo ya asali ajue kwamba lita 20 za asali si sawa na lita 20 za maji. Uzito wake hukaribia kilo 28.) Mteja alikuwa mpole, mwenye lugha nzuri, akimwita "mama yangu". Alituma shilingi 540,000 zote mara moja. Mama hakuwa mjinga. Hakuridhika na ujumbe peke yake, aliingia kwenye simu akaangalia salio, akakuta fedha imo kweli kweli. Alfajiri ya Jumamosi akakodi bodaboda mbili, akafikisha ndoo stendi, akampa kondakta shilingi 15,000 mkononi. Karatasi hakupewa, wala hakuomba. Ile fedha aliiacha kwenye simu mpaka Jumatatu, kwa nia njema kabisa ya kuepuka gharama ya kutoa mara mbili.

Jumatatu alipofika kwa wakala, salio lilikuwa shilingi elfu tatu na kitu.

Alikwenda ofisi ya mtandao wake. Kijana aliyemhudumia hakuwa na dharau, alimweleza taratibu. Mtumaji alikuwa amelalamika kwamba alikosea namba, na kwamba fedha ile ilikuwa ya matibabu ya mzazi wake. Fedha ikazuiwa wakati malalamiko yakichunguzwa, na mama akapigiwa simu mara tatu ili aseme upande wake. Hakupokea. Akaombwa alete ushahidi wa biashara. Alipofungua mazungumzo yake na mteja, alikuta ujumbe wote wa mteja umefutwa. WhatsApp humruhusu mtu kufuta alichoandika, kikafutika hata kwenye simu ya mwenzake, ndani ya siku mbili na kidogo baada ya kukituma. Bei walikuwa wameipatana kwa maneno. Kondakta alikumbuka ndoo, lakini hakukumbuka sura ya aliyezichukua.

Na kwa nini hakupokea simu? Hapa, ndugu msomaji, ndipo sisi wenyewe tunapoona haya. Miezi miwili kabla, katika kipindi cha Alhamisi cha akina mama, sisi ndio tuliosimama mbele tukafundisha kwamba mtu yeyote anayepiga simu akisema "sisi ni huduma kwa wateja" ni tapeli, asipokelewe. Tulifundisha nusu ya habari. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, imekuwa ikieleza kwamba mitandao ya simu huwapigia wateja kwa namba moja tu, 100. Simu zile tatu zilizoandikwa kwenye simu ya mama zilitoka 100. Yeye alifuata tulivyomfundisha.

Huduma iliyo njema kwa wengi

Mtu anaweza kusema, basi utaratibu huu wa kurudisha fedha ufutwe. La hasha. Mwaka juzi sisi tulituma rambirambi ya msiba tukakosea tarakimu moja, na kesho yake fedha ikarudi yote. Fikiria mjane anayetumiwa na mwanawe shilingi 30,000 za mwezi, zikaenda kwa mtu baki. Mfumo lazima uwe na mlango wa kurekebisha kosa. Ubaya ni kwamba kwenye mlango huo huo hupita na mwongo, na mfumo hauoni ndoo za asali. Unachoona ni namba mbili, moja ikilalamika na nyingine ikiwa kimya.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1974 iliwapa wenye kadi za mkopo haki ya kupinga malipo wasiyoyatambua, na ilikuwa sheria njema, kwa maana iliwakinga wanunuzi dhidi ya wafanyabiashara wasio waaminifu. Tangu biashara ihamie kwenye intaneti, wako wanaopokea mzigo kisha wakaiambia benki hawakuupokea, na muuzaji hukosa mzigo, fedha, na juu yake akatozwa gharama ya shauri. Kwa majirani zetu wa Kenya, ambako M-Pesa ilianza Machi 2007, mwaka mmoja kabla haijafika kwetu, wauza mboga na makondakta walilalamika sana juu ya abiria na wateja wanaolipa, kisha wakaomba fedha irudishwe wakiwa wameshakwenda zao. Mwaka 2021 ikaletwa huko huduma ya Pochi la Biashara kwa wafanyabiashara wadogo, ambayo mnunuzi hawezi kurudishiwa fedha bila muuzaji kuhusishwa.

Uko na utapeli mwingine ulio mwepesi zaidi, nao unafahamika: ujumbe wa uongo. Unaandikwa ufanane na wa mtandao, "Umepokea kiasi hiki," lakini umetoka namba ya kawaida ya mtu, na salio lako halijaongezeka hata senti. Muda si mrefu anapiga simu akilia: "Mama, nimezidisha, nirudishie elfu hamsini, mtoto yuko hospitali." Wanaojua kwamba sisi wanawake tuna huruma hutaja mtoto kila mara. Dawa yake ni kuangalia salio kwa mkono wako kabla ya kujibu lolote. Na hata kama kweli amezidisha, usimrudishie kwa kumtumia wewe. Mwambie apige 100 mtandao wenyewe uirudishe. Ukimtumia wewe, kisha naye akalalamika kwamba alikosea namba, utakuwa umelipa mara mbili.

Kilichompata mgeni wa Kwihara

Mji wetu wa Tabora unazijua habari za mali iliyokabidhiwa mtu ikapotea. Katika karne ya 19 misafara ilipita hapa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, safari ya miezi mitatu na zaidi mpaka kufika Tabora tu, wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo, na hilo halifichiki. Mali nyingi zilitolewa kwa mkopo na matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, ambao hawakuwahi kuiona Tabora. Biashara nzima ilisimama juu ya mtu kumwamini mtu aliye mbali.

Mwezi Oktoba 1871 David Livingstone alifika Ujiji akiwa dhaifu, mgonjwa, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar. Alikuta mtu aliyekabidhiwa ameziuza zote. Kwa mujibu wa Livingstone mwenyewe, mtu yule alijitetea kwamba alipiga ramli akaona mwenye mali ameshakufa. Stanley asingemfikia siku chache baadaye akiwa na vitu, hatujui angekula nini. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, hapa jirani, miezi kadhaa akingoja wapagazi na shehena nyingine kutoka pwani. Nyumba ile sasa ni makumbusho, na watoto wetu hupelekwa na shule.

Tunaitaja habari hii kwa sababu ya utetezi ule. Aliyekula mali ya Livingstone alitegemea kwamba mwenyewe hatatokea kusema. Mnunuzi wa asali naye alitegemea vivyo hivyo.

Tunavyofanya sasa

Tulikaa na mama huyu, na akina mama wengine saba wanaouza kwa simu, mchana mzima wa Jumamosi. Kwanza tulikubaliana kwamba anayeuza asipokee malipo kwenye laini ile ile anayotumiwa fedha na ndugu. Awe na lipa namba ya biashara. Malipo ya lipa namba huandikwa kuwa ni manunuzi, na jina la biashara humjia mnunuzi kabla hajaweka namba yake ya siri, kwa hiyo kusema "nilikosea" kunakuwa kugumu. Hata kwenye laini ya kawaida jina humtokea mtumaji, na hilo mama yetu angeweza kulisema kama angelijua siku ile.

Pili, bei na idadi viandikwe, visipatanwe kwa mdomo tu, na mazungumzo yapigwe picha kabla mzigo haujaondoka. Stendi tudai stakabadhi yenye jina na namba ya anayepokea. Makondakta watanung'unika. Acha wanung'unike. Mteja mgeni anayenunua mzigo mkubwa mara ya kwanza asubiri, na fedha yake ihamishwe au itolewe kabla ndoo haijapanda basi. Gharama ya kutoa inauma, lakini linganisha na shilingi 540,000.

Na simu ya 100 ipokelewe. Tumeirudia hii mara nyingi mpaka wengine wakacheka. Hata hivyo, anayepiga akitaka namba yako ya siri, hata akijiita nani, kata simu.

Ukishatapeliwa, piga 100 mara moja, usingoje Jumatatu, maana fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuipata. Namba ya tapeli itume TCRA kupitia 15040. Nenda polisi ufungue jalada, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhesabu udanganyifu huu kuwa jinai. Laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole kufikia Januari 2020, hivyo kila namba ina jina nyuma yake. Tatizo ni kwamba jina hilo huenda ni la bibi wa watu kijijini aliyewekeshwa kidole mara mbili na kijana wa kusajili. Ndiyo maana tunashauri kila mama abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake. Mmoja wetu alikuta laini mbili asizozijua.

Nyumbani na kwenye kikundi

Lakini presha ile haikupandishwa na fedha peke yake. Kwa siku tisa mama alikuwa hajamwambia mume wake. Alijua atasema, "Nilikukataza hayo mambo ya simu." Alikuwa ameanza kufikiri kukopa mahali pengine, kwa wale wanaokopesha kwa riba ya mwezi na kushika kadi ya benki, ili kikundi kisijue. Tumeona wagonjwa waliofikia hapo. Deni la kwanza lilikuwa dogo, lililowaangusha ni la pili, walilokopa ili kulificha la kwanza.

Tulimwomba aturuhusu twende naye nyumbani, akakubali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ndoo zenyewe zilikuwa mpya. Zilikuwa mpya. Akasema basi hasara ni kubwa kuliko tulivyohesabu. Tulicheka, na mama akalia, na mambo yakawa mepesi kidogo.

Kwenye kikundi haikuwa rahisi hivyo. Wako waliosema kila mtu abebe mzigo wake, na mmoja alisema waziwazi kwamba tamaa ndiyo iliyomponza. Tulibishana. Mwisho, kwa kura, mkopo wake uliongezwa miezi minne bila adhabu, na mfuko wa jamii ukampa shilingi 60,000 za ndoo na usafiri. Wanachama wawili hawakuafiki, nasi hatukuwalazimisha.

Fedha haijarudi. Jalada liko polisi. Presha yake Jumanne iliyopita ilikuwa 138 kwa 86, na bado tunamfuatilia. Wiki hii ametuma ndoo moja Dodoma. Mume wake ndiye aliyemsindikiza stendi, na stakabadhi wakaipiga picha. Picha hiyo iko kwenye simu yake, na nakala iko kwenye yetu.