Mafuta Yaliyomo Lamboni

Watoto wangu wa Isikizya, mmeuona ule utando wa kijani juu ya maji ya lambo? Ule ni mwani. Ni vijimea vidogo mno. Chota maji kiganjani, utakuwa umeshika maelfu, na hutaona hata kimoja.

Tuseme mwani umepata sauti. Ungesema: "Enyi watoto! Mnaniona uchafu, kumbe tumboni nina mafuta. Ya kuendesha hata lori!"

"Mjomba, ni kweli?"

Kweli kabisa, na umefanya vyema kuuliza. Mafuta yake hugeuzwa dizeli, na injini huikubali.

"Mbona hayauzwi kituoni?"

Hapo mwani huinamisha kichwa. "Mafuta ninayo," husema, "lakini nitoeni kwanza majini!"

Tazameni karanga zetu. Kilo moja, karibu nusu yake ni mafuta. Unazivuna, unazianika, unazikamua. Sasa mwani: ndoo ya lita 20 kutoka bwawa la kuukuzia hutoa gramu kama 10 tu zikishakauka. Ukitaka kilo moja, chuja ndoo 100! Kisha kausha, ndipo ukamue. Pampu inakula umeme, mashine ya kuchuja inakula umeme, mbolea nayo inanunuliwa. Lita moja ikitoka, imeshaipita mbali dizeli ya kawaida kwa gharama.

"Hakuna aliyejaribu?"

Wapo, tena wenye fedha. Serikali ya Marekani ilitafiti kuanzia 1978 hadi 1996. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil ikatangaza kutenga hadi dola milioni 600. Kufikia 2023 ilikuwa imejitoa. Mwani haukuwadanganya. "Mafuta ninayo, lakini nitoeni kwanza majini!"

"Basi hauna faida?"

Unayo! Spirulina, mwani mdogo wa kuliwa, huuzwa kwa bei ambayo dizeli haiifikii. Na akina mama wa Zanzibar hulima mwani mkubwa wa baharini, wakauanika na kuuza. Viwandani hutiwa hata katika dawa ya meno.

"Na akija mtu kuomba ardhi yetu achimbe mabwawa ya mwani?"

Ah, hilo swali nimelipenda! Kisarawe vijiji viliipa kampuni ardhi ilime mibono ya mafuta, na mwaka 2011 kampuni hiyo ikasimamisha kazi, watu wakabaki bila ajira waliyoahidiwa. Kwa hiyo mkaribisheni mgeni, mpeni kiti, kisha mwulizeni: lita moja utaitoa majini kwa shilingi ngapi? Akijibu, mwulizeni na dizeli ya kituoni ni shilingi ngapi.