MAMA, PUMZIKA KIDOGO

Mama mpenzi, kila siku unaamka kabla ya jua. Unachota maji, unalima, unabeba kuni, unatwanga sombe, unaogesha watoto. Usiku unalala wa mwisho. Lakini taa isiyotiwa mafuta huzimika, na nyumba yote hubaki gizani.

Wengine husema, kupumzika ni uvivu. Sivyo. Katika Marko 6 wanafunzi walikosa hata nafasi ya kula, na Bwana Yesu mwenyewe aliwaita wapumzike. Basi, ujitunze namna gani?

1. Ule vizuri. Usiwagawie wengine chakula chote, nawe ubaki na ukoko. Maharagi, ndagala na lengalenga, pamoja na papai au limau, vinasaidia kuongeza damu. Ukiwa na mimba au ukinyonyesha, ongeza chakula.

2. Upumzike kila siku, hata nusu saa. Ninyi akina baba, chukueni ndoo. Kuchota maji si aibu.

3. Uburudishe moyo. Panda maua karibu na mlango. Tazama mistari ya jani la ndizi na rangi za kipepeo. Kisha keti chini ya mti pamoja na wenzako, ukatie mistari ile katika mkeka, au ukatarizi rangi zile katika kitambaa. Mikono ikifanya kazi ya kupendeza, na kinywa kikizungumza na rafiki, mawazo mazito yanapungua. Katika Kutoka 35 wanawake wenye akili walisokota nyuzi za rangi kwa ajili ya hema ya Mungu. Ufundi wako pia ni zawadi yake.

Lakini sikia neno hili. Kama viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, moyo unapiga mbio, au unaona kizunguzungu, njoo hospitali upimwe damu. Tena, kama umezaa, na huzuni imepita majuma mawili, hupati usingizi, wala humfurahii mtoto, usinyamaze. Si uchawi, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, nao unatibika. Na kama wazo la kujiua au kumdhuru mtoto linakujia, njoo leo hii, na mtu akusindikize.

Bwana alituamuru tumpende jirani kama tunavyojipenda wenyewe. Basi mama, asiyejitunza atawezaje kuwatunza wengine?