Kanuni ni zile zile, koma ndiyo iliyoniponza

Mwaka 2009 nilirejea Burundi kutoka makazi ya Mishamo, Tanzania, nchi ambayo wazazi wangu waliikimbilia mwaka 1972. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Kifaransa kilinitoa jasho, lakini hisabati sikuiogopa. Nilijiambia, hesabu ni hesabu popote utakapoisomea.

Nilipoanza masomo ya uhandisi hapa Bujumbura, zoezi la kwanza lilikuwa jepesi. Tangi la maji la duara lina nusu kipenyo cha mita moja na kimo cha mita moja na robo. Linaingia maji kiasi gani? Kanuni naijua tangu Mishamo: pai mara nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, mara kimo. Nikapata mita za ujazo 3.925. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita elfu moja, nikaandika jibu: lita 3,925.

Mwalimu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Tangi lote hili linaingia lita nne kasoro?"

Darasa likaangua kicheko. Kumbe kwa Kifaransa koma ndiyo hutenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi au nukta. Tanzania ni kinyume chake. Kanuni sahihi, hesabu sahihi, alama sifuri.

Siku hiyo nilinunua daftari. Kushoto niliandika kama nilivyosoma Tanzania, kulia kama wanavyoandika hapa. Nusu kipenyo ni "rayon". Tanjenti, niliyozoea kuiandika tan, baadhi ya vitabu huandika tg.

Leo vijana waliorejea hunijia Buyenzi na daftari zao. Huwaanzishia kanuni tatu. Ya kwanza ni hiyo ya tangi. Ya pili ni ya Pythagoras: kwenye msingi wa nyumba, pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, mshazari ukitoa 5 kamili, kona ni pembe mraba. Ya tatu ni ya boriti: upana mara kimo kwa kipeo cha tatu, gawa kwa 12. Hiyo ndiyo sababu mbao ya sentimita 5 kwa 15 ikisimamishwa kwa ubavu hukataa kupinda mara 9 kuliko ikilazwa. Mbao ni ile ile, bei ni ile ile.

Nanyi mnaovuka Kobero, hili linawahusu. Faranga 1.500 kwenye risiti ya Bujumbura ni elfu moja na mia tano, lakini mtu wa ng'ambo ataisoma moja na nusu. Kwenye risiti utapoteza fedha. Kwenye mchoro wa ghorofa, watu watapoteza maisha. Kabla ya kukokotoa, uliza kwanza: koma hii ni ya wapi?