Mbona Mafuta ya Taa Hayashuki Bei Upesi?

Mwezi wa Mei 2020 mkulima mmoja alifika ofisini mwetu na chupa tupu mkononi. Alikuwa amesikia katika redio ya kwamba mafuta yameanguka bei dunia nzima, hata huko Marekani, tarehe 20 Aprili, bei ya pipa ilishuka chini ya sifuri. "Sasa, Bwana Karani," akaniuliza, "mbona mafuta ya taa yamepanda?"

Alisema kweli. Mjini Nairobi lita moja ilikuwa shs. 77.28 tangu katikati ya Aprili. Tarehe 15 Mei ikawa shs. 79.77, na hali petroli ilishuka kwa zaidi ya shs. 9. Ilikuwa mpaka tarehe 15 Juni ndipo mafuta ya taa yaliposhuka hadi shs. 62.46.

Basi fahamu hivi, ndugu mkulima: bei ya dunia hufika nyumbani kwako, lakini huchelewa njiani, tena haifiki nzima.

Huchelewa kwa sababu EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, hupiga hesabu yake kwa gharama ya shehena zilizokwisha kushushwa Mombasa, siyo kwa bei iliyotajwa redioni jana usiku. Tena mafuta hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shs. 160, kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu shs. 130. Shilingi ikidhoofika, unafuu wa pipa huliwa kabla hujauona.

Na kwa nini haifiki nzima? Tangu Septemba 2018 kila lita ya mafuta ya taa hutozwa ushuru wa shs. 18, uliowekwa ili watu wasiyachanganye na dizeli. Sababu ni njema, ingawa mama mwenye koroboi hakuchanganya kitu, naye hulipa. Ushuru huo ni shs. 18, pipa likiwa ghali au rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, lita ni shs. 100. Hamsini ni za mafuta yenyewe. Hamsini ni za ushuru, usafirishaji na faida ya wauzaji, nazo hazibadiliki. Mafuta yakishuka kwa nusu, utalipa shs. 75. Nusu ya huko imekuwa robo ya hapa.

Halafu liko duka la kijijini. Bei ya EPRA ni ya kituo cha mafuta, na kila mji una yake. Hutangazwa tarehe 14 ya mwezi na kuanza kutumika usiku huo. Sikiliza ya mji ulio karibu nawe, kisha upime chupa. Chupa ya soda ya mililita 300 si theluthi ya lita. Ni pungufu kidogo. Ikiwa lita ni shs. 150 kituoni, mafuta ya chupa hiyo ni shs. 45. Mwenye duka ana haki ya kuongeza nauli na faida yake, lakini akikutoza shs. 70, muulize.

Yule mkulima alinunua chupa moja tu mwezi ule wa Mei. Mwezi wa Juni alirudi na dumu la lita tano. Kwa bei za Nairobi, kungoja huko kulimwokolea shs. 86.55.