"Niandike kwa Wanaotoa"

Ilikuwa tarehe 28 Ramadhani, baada ya sala ya Alasiri, nilipofika katika makao ya wazee yaliyo pembezoni mwa mji wetu hapa Unguja, nikiwa na daftari la kamati ya msikiti. Daftari hilo lina safu mbili: wanaotoa zakatul-fitri na wanaopokea. Majina ya wazee wote kumi na tisa nilikwisha kuyaandika nyumbani, katika safu ya pili, bila ya kumuuliza hata mmoja.

Mzee mmoja, aliyekuwa baharia wa majahazi ujanani mwake, aliniomba nimsomee. Alipolisikia jina lake alitia mkono chini ya mto, akatoa mfuko mdogo wa kitambaa.

"Mwanangu, pishi ya mchele imefika kiasi gani mwaka huu?"

Nikamtajia. Akahesabu noti polepole, akanikabidhi. "Ninunulieni pishi moja, mumpe mwenye haja. Na mimi niandike kwa wanaotoa."

Fedha ile ilikuwa ya pensheni jamii, ambayo Serikali ya Zanzibar iliianzisha Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Nilikuwa nimeshafumbua mdomo kumwambia kwamba yeye halazimiki, nikakumbuka niliyoyasoma chuoni: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, fitra humlazimu kila mwenye ziada ya chakula chake kwa usiku wa Idi na mchana wake, na anayepokea huweza pia kuwa mtoaji. Hukumu niliijua. Mzee ndiye nilikuwa simjui.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda makaoni mara kwa mara, na nimejifunza kwamba siku ya pale huanza mapema kuliko ya kwetu. Kabla ya alfajiri husikika bakora ukumbini, kisha maji kwenye ndoo. Asiyeweza kuinuka huletewa birika na beseni kitandani. Asiyestahimili maji hutayamamu. Vitanda vya waliodhoofika vimeelekezwa kibla, nao husali wamelala, kwa ishara. Baada ya uradi huja chai na mkate wa kumimina, au muhogo, na mabishano ya kila siku kuhusu redio iwekwe idhaa gani. Bibi mmoja bado anashona kofia za viua, ingawa uzi hutungiwa na jirani yake mwenye macho mazuri zaidi. Kofia moja humchukua miezi. Nilipomwuliza bei alinicheka: zote zina wenyewe.

Makao kama haya si jambo geni katika historia ya Waislamu. Mwaka 1896 Sultani Abdulhamid II alifungua Darülaceze mjini Istanbul, nyumba ya wasiojiweza, na ndani ya ukuta mmoja mkajengwa msikiti, kanisa na sinagogi, ili kila mkaazi aabudu kwa dini yake. Nyumba hiyo ipo hadi leo. Hapa kwetu wengi wetu tumekua tukizijua nyumba za wazee za Sebleni, zilizojengwa na serikali ya Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hata hivyo, mitaani neno "makaoni" hutamkwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kila aliyemo ametupwa. Baharia wetu hakujaaliwa mtoto, na mkewe alifariki zamani. Mama wa mshona kofia wa kitanda cha pili ana binti anayeuza mbogamboga sokoni. Alianguka mara mbili peke yake nyumbani kabla ya kuletwa. Binti huyo huja kila Alhamisi jioni, humchana mama yake nywele na kumtia hina, wakicheka mpaka Isha. Wapo majirani waliomwita mtoto asiye na radhi. Sura ya Israa inatukataza hata kuwaguna wazazi, na najua nyumba ambamo mzee anakaa na watoto wake na kugunwa tangu asubuhi.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwetu sisi wa misikitini. Katika Ramadhani makao hayo hupokea futari za makundi matatu kwa jioni moja, kila kundi na mpiga picha wake, hata uji unamwagwa. Ikiingia Mfunguo Mosi hakuna anayegonga mlango. Nilipokagua kumbukumbu zetu, nilizoziandika kwa mkono wangu, sikuona ziara hata moja nje ya mwezi mtukufu kwa miaka mitano.

Kamati ilipokaa baada ya Idi niliomba wazee hao waandikwe kuwa watu wa jamaa ya msikiti wetu, wenye haki ya kuulizwa wanapokosekana saffuni. Palikuwa na ubishi kuhusu petroli, na ubishi huo haujaisha. Mjumbe mmoja amejitolea gari lake kila Ijumaa. Kidato chake kilikuwa juu mno kwa magoti ya wazee, seremala wa mtaani akatutengenezea ngazi ya mbao ya vidato viwili.

Ijumaa iliyopita tulikuja nao sita. Baharia alikaa mbele, akimwelekeza dereva njia anayoijua. Wa saba alituambia tumpitie wiki ijayo. Kanzu yake ilikuwa haijakauka.